Sura ya Tisa na Ufito wa Fundi Kitwana

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh wetu, wazee wetu wa Dunda, ndugu zetu mliotoka Fukayosi tangu asubuhi, viongozi na mafundi wa Mradi wa Maji wa Kwa Mwanakheri, mashemeji, majirani, na watani wetu, ambao tunawaomba wafunge midomo kwa dakika chache tu kisha nafasi yao watapewa, familia inawashukuru wote kwa kufika. Historia hii inasomwa na mdogo wake marehemu, Mwalimu Husseni Mwinshehe. Iliandikwa kwa muda wa wiki tatu, marehemu akiwa kitandani, naye mwenyewe alisomewa mara mbili, akafuta sifa nyingi na kuongeza lawama nyingi zaidi, na mdogo wake alipomkumbusha kwamba msibani watu hawasemwi, alijibu kwamba wasiposemwa msibani watasemwa wapi, maana ofisini alishasema miaka kumi na minne na hakuna aliyemsikiliza. Sehemu ya mwisho, na maneno machache yaliyoongezwa huko katikati, ndiyo hakuyasikia, kwa sababu yameandikwa leo hii, baada ya saa nne asubuhi.

Marehemu Kitwana Mwinshehe Adamu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 katika kijiji cha Fukayosi, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Mwinshehe Adamu, mkulima wa mihogo na ufuta, na marehemu Bi Sikuzani Issa. Tangu utotoni alikuwa na ugomvi na maji. Mvua ikinyesha aliunga mabua ya mpapai toka ukingo wa paa hadi kwenye pipa la mama yetu, na ndani ya pipa aliweka kibuyu kitupu kilichofungwa kamba, pipa likijaa kibuyu kinapanda, kamba inalegea, jiwe linaanguka juu ya debe, na nyumba nzima inaruka kitandani. Mama alimchapa kwa debe lile zaidi ya mara moja, lakini ukweli usemwe, pipa letu halikufurika tena, na nyumba za jirani zilifurika.

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule ya msingi hapo hapo Fukayosi mwaka 1972 na kuhitimu darasa la saba mwaka 1978, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, jambo ambalo mdogo wake, aliyechaguliwa, amekumbushwa kila Idi kana kwamba ni yeye aliyeiba nafasi. Kuanzia Januari 1980 hadi Novemba 1982 alisoma ufundi umeme katika chuo cha ufundi jijini Dar es Salaam, akafaulu vizuri, akarudi Bagamoyo na kufunga umeme katika nyumba za watu, na wengi mliokaa hapa taa zenu za kwanza aliziwasha yeye.

Tarehe 3 Oktoba 1988 aliajiriwa kuwa fundi katika Mradi wa Maji wa Kwa Mwanakheri, unaolisha Dunda na mitaa ya jirani, na hakuuacha mpaka alipostaafu. Tarehe 22 Desemba 1990 alifunga ndoa na Bi Shamsia Muhammad, binti wa hapa hapa Dunda, na Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto watatu, Saida, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1992, Adamu, aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1996, na Habiba, aliyezaliwa tarehe 7 Juni 2001. Bi Shamsia ameomba isemwe wazi kwamba yeye aliolewa mke wa pili, kwa kuwa wa kwanza ilikuwa pampu namba moja.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, ambalo marehemu alisema lisiposomwa atainuka alisome mwenyewe.

Mwaka 2009 mradi ulifungiwa mfumo mpya wa udhibiti, nao ni sanduku la chuma lenye kompyuta ndani na skrini mbele, linalopokea habari kutoka kwa sensa, yaani kifaa cha kupimia maji, iliyozamishwa kisimani, likiambiwa maji yapo linawasha pampu, likiambiwa hayapo linazizima zisiungue, bila mtu kunyanyua kidole. Marehemu alilipenda sanduku lile siku ya kwanza, tusije tukamsingizia kwamba alikuwa mzee wa kuchukia kompyuta, alisema ni kibuyu chake cha Fukayosi kilichopelekwa shule. Lakini alisema pia kwamba siku sensa ikipata tope itasema uongo, na sanduku litauamini uongo huo, na mji utakaa na kiu kisima kikiwa kimejaa, hivyo lazima kila fundi ajue namna ya kulirudisha kazini. Akaambiwa asiwe na wasiwasi, wataalamu watakuja kufundisha.

Wataalamu wakaja. Warsha ya kwanza ya Mafunzo ya Uhandisi wa Mifumo ya Kisasa ya Udhibiti ilifanyika tarehe 11 hadi 13 Mei 2010, katika ukumbi wa hoteli moja hapa Bagamoyo. Siku ya kwanza ilikuwa kujiandikisha, kufungua kwa dua, kila mshiriki kutaja jina, cheo na matarajio yake, kisha chai, kisha sura ya kwanza, inayoitwa Utangulizi. Siku ya pili ilikuwa kurudia Utangulizi kwa ajili ya waliochelewa, kisha picha ya pamoja. Siku ya tatu ilikuwa kumsubiri mgeni rasmi, na mgeni rasmi alipofika ilikuwa kumsikiliza mgeni rasmi. Kitabu kilikuwa na sura tisa, na sura ya tisa ndiyo inayoeleza namna ya kurudisha mfumo uliosimama, lakini washiriki waliambiwa sura zilizobaki watazisoma nyumbani, wakapewa cheti, fulana na mkoba.

Jamani, ingekuwa mara moja tungesema bahati mbaya. Zilikuwa warsha kumi na moja, kuanzia mwaka 2010 hadi 2023, na zote kumi na moja zilianza na Utangulizi, kwa sababu kila mtaalamu alikuwa mpya na kila mmoja aliamini kabla yake hakufika mtu. Katika warsha ya nne, mwezi Septemba 2014, marehemu alinyoosha mkono, akaomba kwa adabu zote kwamba safari hii waanze nyuma, na sura ya tisa, na mtaalamu akamshukuru kwa mchango wake mzuri, akaliandika swali lake kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, yenye kichwa cha habari Maswali ya Baadaye. Katika warsha ya tano akaliuliza tena, likaandikwa tena. Katika warsha ya sita aliibandua karatasi ile mbele ya watu, akaikunja, akaondoka nayo, na mpaka leo iko ukutani kwake chumbani, anayetaka aende akaione, na swali lake bado linasubiri hiyo baadaye.

Vyeti kumi na moja vya Utangulizi viko ndani ya sanduku chini ya kitanda. Mikoba kumi na moja imetawanyika, mmoja unabeba vitunguu vya Bi Shamsia, mmoja viatu vya wajukuu, na sanda ya marehemu mwenyewe leo imeletwa kutoka dukani ndani ya mkoba wa warsha ya nane, si kwa kejeli, ndio uliokuwa karibu.

Kuna jambo la ufito. Marehemu alikuwa na ufito wa mkoko, mrefu kupita mtu, wenye mikato kumi na miwili aliyoichonga kwa kisu, na kanuni yake ilikuwa moja, kabla hujagusa kitufe chochote chungulia kisimani kwanza, zamisha ufito, soma umelowa hadi mkato wa ngapi, kisha ndipo uende ukaisikilize skrini inasemaje. Wakubwa waliuonea haya. Kila warsha ilipofungwa na mgeni rasmi akaletwa kuuona mtambo wa kisasa, ufito ulifichwa stoo ili asije akadhani mradi unaendeshwa kienyeji, na tarehe 26 Julai 2017, mgeni rasmi akiwa amesimama mbele ya skrini, skrini ikasema kisima ni kikavu na pampu zote zikanyamaza, na mafundi saba wenye vyeti wakaanza kutafuta, mbele ya mgeni, ufunguo wa stoo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na siku hiyo mradi haukuzaa hata ndoo moja ya maji mpaka baada ya Adhuhuri.

Hapo marehemu alichoka kusubiri wataalamu. Kuanzia Jumamosi iliyofuata, kila Jumamosi baada ya Alasiri, alifungua warsha yake mwenyewe kwenye baraza la nyumba hii, yenye ndoo mbili, boya la tangi la choo, pampu ndogo ya kurushia maji kwenye kioo cha gari, na betri ya pikipiki. Hakukuwa na kujiandikisha wala matarajio. Alianza kwa kuuharibu mtambo huo mdogo, akalipaka tope lile boya, ndiyo sensa yake, maji yakagoma, kisha akaketi na kikombe chake cha kahawa na kusema, haya, rudisheni. Mafundi wenzake wawili walifika Jumamosi tatu, walipojua kwamba hakuna cheti hawakuonekana tena. Mdogo wake, msomaji huyu, alilazimishwa kuhudhuria miezi miwili, akaunguza pampu mbili, akafukuzwa kwa heshima. Aliyebaki alikuwa Saida.

Saida wengi mnamjua, ni fundi majokofu pale soko la samaki, na kwa Kiswahili chetu mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Miaka minane hakukosa Jumamosi isipokuwa za uzazi, aliijua sura ya tisa kwa macho na kwa mikono, na baba yake, ambaye hakusifu mtu, alisema huyu mtoto mfumo unamwogopa. Marehemu alikuwa na ombi moja tu duniani, si nyumba wala shamba, kwamba kabla hajafa ufunguo wa chumba cha mtambo uwe mikononi mwa mtu anayejua kuurudishia mji maji, naye mtu huyo alikuwa naye nyumbani, anakula naye ugali. Saida aliomba kazi mwaka 2018, akaambiwa hana cheti cha warsha. Akaomba kuhudhuria warsha, akaambiwa warsha ni ya waajiriwa. Akaomba kuajiriwa mwaka 2021, akaambiwa hana cheti cha warsha. Akaomba mara ya tatu mwaka 2024, na barua ya majibu ilikuwa ile ile ya mwaka 2018, wamebadilisha tarehe tu. Familia inaomba radhi kwa kuyasema haya mbele ya jeneza, lakini haya si maneno ya familia, ni ya aliyemo ndani ya jeneza, nasi tumeyapunguza makali.

Marehemu alistaafu tarehe 14 Machi 2024, akakabidhi ufunguo, akarudi nyumbani na ufito wake, kwa kuwa alisikia utatupwa. Kustaafu kwake kulikuwa kwa makaratasi tu. Simu yake ililia kwenye futari, ililia kwenye maulidi, na hata kabla ya kustaafu, siku ya harusi ya Adamu mwaka 2022, ililia akiwa na tonge la pilau mkononi, akaondoka na kanzu yake nyeupe, akarudi ana tope hadi magotini, akapigwa picha na bibi harusi hivyo hivyo. Kila mara aliwafundisha kwa simu, na kila mara walimshukuru, na kila mara wiki iliyofuata walipiga tena kuuliza lile lile.

Mnamo tarehe 20 Novemba 2024 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akapelekwa hospitali, akaambiwa ni moyo. Alilazwa mara tatu, Desemba 2024, Aprili na Julai mwaka huu, na hata wodini simu ililia, mpaka muuguzi mmoja, Mungu ambariki, akaichukua na kumwambia aliyepiga kwamba mgonjwa yuko kwenye oksijeni, na mtu yule akauliza kama anaweza kuitoa kidogo. Tarehe 18 Agosti aliomba arudishwe nyumbani. Wiki hizi za mwisho hakuwa na hofu ya kufa, alikuwa na hasira, na ni vyema kusema ukweli, aliumia, alimwambia mdogo wake, Husseni, mimi nakwenda na mji huu hauna mtu, na mtu yupo. Leo Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kaka yetu alifariki dunia akiwa mikononi mwa mkewe.

Sehemu inayofuata ndiyo iliyoandikwa leo.

Saa moja asubuhi umeme ulikatika na kurudi, na saa moja na nusu maji yalikuwa hayatoki Dunda nzima. Saa mbili waosha wakafika na sanda, wakafungua bomba la uani, bomba likakohoa na kunyamaza. Majirani, Mungu awalipe, walikimbilia visimani na kuleta madumu, na Sheikh akasema maji ya kisima yanatosha na maiti hacheleweshwi, lakini Bi Shamsia alikaa kwenye kizingiti cha mlango na kusema, mume wangu ameunywesha mji huu miaka thelathini na sita, leo aoshwe kwa maji ya kuombaomba? Hakulia, alisema tu hivyo. Sheikh akampa hadi saa nne.

Wakati huo huo simu ya marehemu ikalia. Ilikuwa dirishani, juu ya kichwa chake, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima, na watu wote wa chumbani waliitazama kama nyoka. Aliyepiga alikuwa fundi wa zamu wa Kwa Mwanakheri, ambaye taarifa ya msiba ilikuwa haijamfikia. Aliipokea Saida. Kijana wa watu akasema, shikamoo mzee, mfumo umegoma tena, skrini inasema kisima ni kitupu, tufanyeje? Saida akamtazama baba yake, kisha akajibu, marahaba, msiguse kitu, nakuja.

Akauchukua ufito nyuma ya mlango, akapanda bodaboda nao, wenyewe mliokuwa barabarani mlimwona, na Meneja wa mradi, Ndugu Shuaibu Hija, ambaye alikuwa amekuja kutupa mkono wa pole, akapanda gari akamfuata. Getini mlinzi alimdai Saida barua. Ndugu Shuaibu akashusha kioo na kusema mfungulie, na ule ufunguo ambao miaka saba Saida alidaiwa cheti ili aupate akautoa kwenye mfuko wake wa shati na kumpa mbele ya mafundi wanne.

Saida hakwenda kwenye skrini. Alikwenda kisimani, akazamisha ufito, akautoa umelowa hadi mkato wa tisa. Kisima kilikuwa kimejaa. Akaivuta sensa, akaifuta tope kwa upindo wa kanga aliyojitanda kwa ajili ya msiba, akafunga valvu ya kutolea maji, akawasha pampu namba moja kwa mkono, akaifungua valvu robo kwa robo, akasubiri mshale wa presha utulie, na mwisho ndipo akalirudishia sanduku kazi yake. Mafundi walisimama nyuma yake, mmoja akiandika. Saa nne kasoro dakika tano, bomba la uani hapa lilikohoa, likatoa maji ya kahawia, kisha meupe. Bi Shamsia akasimama, akasema haya, muosheni. Kaka yetu ameoshwa kwa maji ya Kwa Mwanakheri, yaliyorudishwa na mwanawe.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, ndugu watatu, na karatasi moja ukutani. Ndugu Shuaibu hakuuomba ule ufunguo, na Saida hakuurudisha, na familia inaomba mbele ya mashahidi hawa wote mambo yabaki hivyo hivyo. Tumesikia pia kwamba warsha ya kumi na mbili itafanyika mwezi ujao. Hatuipingi, elimu haina mwisho, tunaomba tu safari hii waanze na sura ya tisa, na kama mwalimu hajapatikana, anapatikana soko la samaki, meza ya tatu kutoka mlangoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali waliomhudumia, hasa yule aliyeizuia simu, inawashukuru majirani kwa madumu yao, ambayo yamepikia chakula mtakachokula baadaye, inamshukuru Sheikh kwa muda aliotupa, inawashukuru waosha, wachimba kaburi, na mafundi wenzake wa mradi, ambao aliwagombeza kwa sababu aliwapenda, na hilo aliagiza lisomwe bila kupunguzwa. Anayemdai au kudaiwa naye neno lolote amsamehe, kwa ajili ya Mungu. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na Kwake tutarejea.

Kaka Kitwana, pumzika kwa amani. Simu ikilia, anayo Saida.